Shaba Isiyo na Koti

Benchi la nje ya karakana ya Fundi Taratibu lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hawajawahi kukubaliana hata juu ya hilo tofali. Asubuhi hiyo walikuwepo Injinia, ambaye uinjinia wake unaanzia kwenye feni na kuishia hapo hapo, na Hakimu, fundi viatu anayetoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Mbele yao, juu ya stuli, palikuwa na ngoma ya bendi ya marehemu mume wa shangazi yake Taratibu. Pete zake za shaba zilikuja nyeusi. Sasa ziling'aa hata ukijitazama unajua kama umenyoa. Shangazi aliwakatalia mafundi wote, akasema ngoma ile ataishika mtoto wa kaka yake tu. Alikuwa njiani kuja kuichukua, na Taratibu hakuwa amepata la kuipaka. Shaba tupu ikionja jasho, haichelewi kufifia. Kahawa ilimpoa mkononi.

HAKIMU: Injinia, ondoa mkono.

INJINIA: Sijagusa. Nimeelekeza tu.

HAKIMU: Umeelekeza, kidole kikatua.

Taratibu akaifuta alama. Ilikuwa alama ya tatu tangu wakae.

INJINIA: Dawa ni vanishi. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana vanishi hukauka.

HAKIMU: Methali hiyo haiendi huko.

INJINIA: Inaenda ninakoipeleka.

TARATIBU: Vanishi ikikwaruzwa, shaba inaharibika chini kwa chini. Hapo unaivua yote na kuanza upya. Mimi naona nta. Unapaka kidogo, unasugua, ikichoka unarudia.

HAKIMU: Atarudia nani, shangazi yako na magoti yale? Mficha uchi hazai. Iache wazi ipumue. Shaba ikibanwa, ngoma inapata mafua. Niliwahi kuisikia moja, ukiipiga inapiga chafya.

INJINIA: Basi tuifunge nailoni, ipigwe humo humo.

HAKIMU: Au mpigaji avae soksi mikononi.

INJINIA: Soksi hazitoshi. Jasho la mtu mwenye hasira linakula hata chuma. Wapigaji wapimwe kwanza, wenye hasira wapewe filimbi.

Siku nyingine Taratibu angecheka mpaka akohoe. Leo macho yake yalikuwa barabarani. Alipoyarudisha, Injinia alikuwa ameshafungua kopo la vanishi, na brashi iko juu ya pete, tone linaning'inia.

TARATIBU: Weka chini.

INJINIA: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Shangazi yako yule anakata kona, na wewe bado unafikiri.

TARATIBU: Nimesema weka chini.

Akamshika kifundo cha mkono, akakibana kweli. Injinia akavuta. Tone likaanguka juu ya kiatu cha Hakimu, na kwa mara ya kwanza Hakimu hakudai fidia. Wote watatu walijua kwamba neno moja zaidi lingevunja ujirani. Injinia akairudisha brashi koponi.

TARATIBU: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Mbona mmenuna? Nani amekufa tena?

Wakampisha akaketi. Aliitazama ngoma kwa muda, kisha akaweka kiganja kitupu juu ya pete, na jasho lake la njiani. Hakimu akafungua kinywa. Taratibu akamkata jicho. Mkono wa shangazi ukazunguka polepole mpaka ulipoanzia, ukaanza tena.

SHANGAZI: Ni nzuri. Inang'aa kama siku marehemu aliyokuja nayo nyumbani. Lakini alikuwa anaiegemezea mkono wa kushoto, hapa pembeni. Pakawa na weusi wa kiganja chake, mpaka kidole gumba unakiona. Pako upande gani?

Injinia akamtazama Hakimu. Hakimu, mtu asiyekosa hukumu, akakitazama kiatu chake. Taratibu alilikumbuka vizuri doa lile. Ndilo lililomsumbua kuliko yote. Alilipiga msasa mara mbili, na lilipotoka akapiga mluzi kwa furaha.

SHANGAZI: Nionyeshe tu, mwanangu. Nataka kuweka mkono wangu hapo.