Sista na Mfuko wa Zambarau

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Sista Mkuu wa wodi ya wazee anastaafu Ijumaa hii. Mkono wake ni mwepesi kwa sindano, mdomo wake mzito kwa sifa, na kikohozi chake tu kilitosha kukata soga zetu za koridoni.

Wengi watataja vyeti vyake. Mimi namkumbuka kwa bibi wa kitanda cha dirishani, aliyeishi na mpira wa mkojo kwa miezi mingi. Asubuhi moja, Sista akiwa likizo, mfuko wa mkojo wa bibi ulikutwa umegeuka zambarau, rangi imekolea kama wino. Hana homa, hana maumivu. Mfanya usafi aliangusha ndoo, na hadi mchana wodi nzima ilishakata shauri kuwa bibi amechezewa na wachawi.

Wodi ikapoa. Wagonjwa wakageukia ukutani. Deki ikapigwa kukizunguka kitanda, chakula kikaachwa miguuni, nasi wauguzi tukapita mbio tukitazama dari. Binti yake aliishia mlangoni, akalia bila sauti. Bibi alisalimia, hakuna aliyeitikia. Akasalimia tena. Kisha akaanza kuongea na marehemu mumewe, taratibu, kama watu waliokaa kitanda kimoja.

Sista aliporudi, bibi alimuuliza kwa upole kama yeye, bibi, ameshazikwa.

Sista alimpa shikamoo, akamshika mkono, ndipo akatugeukia. Tuligombezwa, jamani! Vijidudu kwenye mkojo, choo kilichofunga siku nyingi na plastiki ya mfuko vikikutana, rangi hiyo hutokea. Daktari aliandika dawa, mpira na mfuko vikabadilishwa, na baada ya siku chache mkojo ukarudi rangi yake.

Bibi ndiye hakurudi. Alikataa chakula, maana, alisema, maiti hali kitu. Sista akamvuta binti hadi kitandani, akamkalisha. Binti akatoa shikamoo. Bibi alimtazama sana, akampapasa shavu, akamuuliza kwa huruma naye amekufa lini.

Binti alilia kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Bibi alishtukia machozi yale mkononi mwake, yana moto. Akaomba uji.

Asante, Sista. Pumzika vyema, uwe na afya na watu wa kukuitikia siku zote.