Mama Ethel, Mziba Ndoo wa Kitangari

Baba Kasisi, wazee wetu, ndugu waombolezaji, familia imeagiza historia hii isomwe kama ilivyoandikwa, bila kupunguza makali, kwa hiyo atakayechomwa na avumilie.

Marehemu Scholastika, Mama Ethel, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Chiungutwa, Masasi, akasoma hapohapo darasa la kwanza hadi la saba, 1977 hadi 1983, na tarehe 23 Septemba 1989 akafunga ndoa takatifu na Reginald, akahamia hapa Kitangari, wakajaliwa watoto wawili, Ethel na Trevor.

Alikuwa mkulima wa korosho, lakini kila nyumba inamjua kwa kuziba ndoo, maana ndoo iliyopasuka, beseni lililotoboka, dumu linalovuja, vyote aliviziba kwa kisu cha moto na vipande vya plastiki alivyookota njiani, wala hakutaka kitu kitupwe. Kimoja tu alikikataa katakata, chombo cha dawa ya mikorosho, hicho alikitoboa popote alipokikuta, asije mtu akakitekea maji, na wapo mliokaa hapa mliomtukana, mkasema maji yenyewe ya shida halafu huyu mama anatutobolea madumu, ana roho mbaya.

Tarehe 9 Julai 2024 alikwenda shambani kumsaidia mdogo wake, Erasto, kupulizia dawa, akashikwa na kiu, akachukua chupa ya maji ya dukani iliyokuwa kivulini pamoja na nyingine, akanywa mafunda mawili, kumbe hiyo Erasto alikuwa ameitumia kuwekea dawa ya mikorosho. Mtu aliyetuonya miaka yote, jamani, auawe na chupa ya ndugu yake! Alifikishwa hospitali siku hiyohiyo, akafariki tarehe 12 Julai, saa tisa alasiri. Erasto yuko pale mbele analia, tunamwonea huruma, na hasira bado tunazo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wanakwaya wenzake, na majirani mliotuletea maji ya msiba. Ila asubuhi ya leo Ethel alipoinamisha dumu mojawapo aoshe mchele, alikutana na harufu ya dawa. Mmelileta msibani kwake! Hata haya hamna? Maji yote tumeyamwaga, wali haukupikwa, ndiyo maana mtaondoka na njaa, na dumu lenyewe liko hapa kando ya jeneza, mwenyewe aje alichukue mbele ya watu.

Mama Ethel, wewe pumzika kwa amani, sisi na mwenye dumu bado tupo hapa.