Majibu Yaliyotangulia Maswali: Maisha ya Kaka Yangu, Mpanga Herufi na Mtunzi wa Riwaya

Ndugu, majirani, na ninyi wasomaji wake mliokuja kutoka mbali, naomba mnivumilie nisome polepole, kwa kuwa mimi ni mdogo wake wa mwisho, shule yangu iliishia darasa la saba, na familia imenichagua kwa sababu moja tu, kwamba kwa miaka kumi na minne mimi ndiye niliyemfungulia barua.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Majibu, alizaliwa Jumatatu tarehe 12 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na mama alikuwa akisema kwamba hakulia alipozaliwa, aliutazama tu mlango kama mtu anayengoja mgeni.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, akaimaliza Desemba 1965, akasoma sekondari miaka miwili, akaiacha baba alipofariki, na tarehe 3 Februari 1969 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kuwa mpanga herufi, kazi ya kuokota herufi za madini ya risasi moja moja na kuzipanga zikiwa zimegeuka, ili zikigandamizwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Kwa kazi hiyo akazoea kusoma kinyume, hata gazeti la mtu aliyeketi mbele yake alilisoma kichwa chini, akamwambia mwenye gazeti habari inavyoisha kabla hajaifikia, na mama akamwonya kwamba siku moja atapigwa.

Mswada wake wa kwanza ulirudishwa na wachapishaji mara saba, mara ya saba tarishi akamwamkia kama shemeji, lakini Juni 1979 ukatoka kitabu, vikafuata vingine kumi, na mwaka 1996 akaacha kiwanda akabaki na kalamu. Tarehe 5 Julai 1980 alimwoa wifi yangu, mwalimu wa hesabu, Mungu akawajalia binti mwaka 1981, ambaye ni fundi cherehani, na mwana mwaka 1984, ambaye ni fundi wa mafriji, na wote wawili wameketi hapa mbele. Wifi alitangulia mwaka 2009, ndipo nikahamia chumba cha uani, nikaanza kazi ya barua.

Wasomaji huuliza yale yale, nanyi mliomwandikia mnajijua. Kaka alikuwa akiandika jibu kwenye kadi kabla sijafungua bahasha, akisema yeye amezoea kinyume, jibu kwanza, swali baadaye, kisha mimi nafungua, nasoma, na linalingana. Aliyeuliza hadithi anazitoa wapi aliambiwa, kwa watu wanaonyamaza. Aliyeuliza atampataje mchapishaji aliambiwa amalize kitabu kwanza, asitafute mkunga kabla ya mimba. Aliyeuliza kama wahusika ni watu wa kweli aliambiwa, wao ndio hujiuliza kama mimi ni wa kweli. Nilidhani ni mazoea tu, kwa kuwa maswali ni machache na miaka ni mingi, na sisi ni watu wa imani, hatupigi ramli, kwa hiyo hapa nasema nilichoona na sina la kuongeza.

Januari 2022 madaktari walimwambia kwamba mapafu yake yamechoka. Jumatano tarehe 10 Mei mwaka huu wa 2023, mezani kwake, aliandika kadi iliyosema, "Hapana, haikuuma, na sikuwa peke yangu. Ulifanya vizuri kwenda." Nilipofungua bahasha nikakuta kijana anauliza riwaya iwe na kurasa ngapi, nikacheka, nikamwambia, "Leo umekosa, kaka." Hakucheka. Akasema, "Sijakosa, mdogo wangu, mwenye swali hajaandika. Iweke chini kabisa." Nikaiweka chini kabisa ndani ya mkebe wa biskuti alimotunzia kadi, nikaisahau.

Alilazwa tarehe 28 Agosti, wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Alhamisi tarehe 14 Septemba, saa nane mchana, aliniomba niende posta nikatazame sanduku lake, nami nilisita, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ya baridi, lakini alisisitiza, nikaenda. Sanduku lilikuwa tupu. Alifariki saa tisa na dakika kumi, nami nilirudi saa tisa na nusu, na muuguzi akanipokea mlangoni akishangaa, akasema, "Mama, kumbe ulikuwa nje? Nilidhani uko naye, maana nilimsikia anajibu, ananyamaza, anajibu tena, kama mtu anayeulizwa."

Tangu hapo nilikuwa na swali moja, sikuweza kula wala kuomba sawasawa. Ijumaa asubuhi, kwa kuwa kaka alizoea maswali ya bahasha, nililiandika kwa mkono wangu, barua yangu ya kwanza kwake maishani, nikiuliza, kaka, iliuma, ulikuwa peke yako, na nilikosea kuondoka? Nikaifunga, nikafungua mkebe ili niiweke humo, na mkono ukaenda chini kabisa.

Mbele ya kadi ile niliyoisahau, mahali pa jina la mwulizaji, ambapo Mei palikuwa wazi, kwa mwandiko wake pameandikwa, Mdogo wangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotuletea viti na maji bila kuitwa, wapanga herufi wenzake wa zamani waliokuja na mikongojo yao, na wachapishaji waliomvumilia. Tunamshukuru Mungu aliyetoa na aliyetwaa, kwake hakuna kinyume.

Jambo la mwisho. Mkebeni zimebaki kadi kumi na tisa, zote zina jibu, hakuna yenye jina, na mimi sizisomi. Kama kuna mtu hapa ana swali ambalo hajawahi kuliandika, aliandike, aniletee. Bahasha sitaifungua kwanza, nitatazama kadi ipi imepata jina.

Kaka, hukukosa. Pumzika kwa amani.