Walter Ombati na Kadi Zilizoungua

Ndugu na majirani, tumechoka, na yeye alichoka kabla yetu. Tutasema machache kuhusu marehemu Walter Ombati, maana hakupenda mambo yazidi haja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Keumbu, kifungua mimba wa Mama Bochaberi na hayati Mzee Nyangau. Alisoma shule ya misheni iliyo karibu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1957. Hesabu aliziweza. Jembe halikumkubali, na Mama hakuchoka kumwambia hivyo.

Mwaka 1960 aliajiriwa karani katika kampuni ya bima, Nairobi. Kampuni iliponunua kompyuta mwaka 1967, alipelekwa mafunzoni, akarudi kuwa mtu wa kuiandikia programu, yaani maagizo ambayo mashine hufuata. Maagizo hayo yalitobolewa kwenye kadi ngumu, matundu mstari kwa mstari. Mwenzake kazini, Bwana Makori, alimfundisha mchezo wa chesi, na balaa likaanzia hapo: Walter akataka mashine nayo icheze! Meneja alimruhusu kuitumia Jumamosi. Akakataa, Sabato ni Sabato, akaomba Jumapili.

Miaka ikapita. Mashine ilianza mchezo vizuri, ikafika katikati, ikakwama. Kila hatua iliyoifikiria iliiwekea nakala ya ubao mzima, na kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, ikajaa pomoni. "Haina pa kuweka," alimlalamikia mkewe, "na mimi sijui nitupe nini."

Mke huyo ni Persis Nyamoita wa Itumbe, aliyefunga naye ndoa tarehe 15 Desemba 1963, siku tatu baada ya Uhuru. Mungu aliwajalia Abigael na Angwenyi. Persis alivumilia mengi, ukiwemo ubao wa chesi uliokaa mezani hata chakula kikiletwa.

Mwaka 1975 figo zilianza kumsumbua. Akarudi nyumbani na masanduku ya kadi, na nakala nyingine hakuwa nayo. Nyumba ilikuwa inavuja, kwa hivyo akayaweka ghalani, juu ya mahindi. Jamani! Mama alipofungua akakuta kila kadi imejaa matundu. Akazichoma zote nyuma ya jiko.

"Walter, karatasi zako zimeliwa zote," alimwambia. "Nimewahi kabla wadudu hawajaingia kwenye mahindi."

"Mama, hayo matundu tuliyatoboa wenyewe."

Mama aliketi chini akalia. Walter alicheka hadi akakohoa. Lakini iliuma, tusidanganyane. Alitaka kuona mashine ikimaliza mchezo mmoja kabla hajaondoka, na alijua hali yake.

Alianza upya kitandani, kwa penseli. Nguvu ya kuandika yote tena hakuwa nayo, na kwa kuchoka huko akaona jambo ambalo alipokuwa mzima hakuliona: ubao mmoja unatosha. Mashine ikumbuke tu ni kete gani imesogea na ipi imeliwa, halafu irudishe nyuma, ijaribu nyingine. Mkono ulipomlegea, Persis aliandika huku yeye akitamka. Makori alichukua karatasi hizo kwenda kuzitobolea kadi Nairobi.

Jumapili tarehe 6 Novemba 1977, Makori alifika hospitalini Kisii, Walter alikolazwa, akileta habari za mchezo.

"Mashine imepigwa, Walter," alisema. "Imepigwa vibaya."

"Lakini imefika mwisho?"

"Imefika."

Marehemu alifurahi sana. Akamwambia Persis: "Mwambie Mama zile kadi alizochoma zilikuwa nyingi mno. Hata zingebaki, mashine ingekwama tu. Asijilaumu tena." Alituacha Jumanne tarehe 8 Novemba, alfajiri.

Ameacha mama yake, mjane wake Persis, watoto wake Abigael na Angwenyi, na dada yake Loice anayesoma wasifu huu.

Ujumbe ule haujamfikia Mama. Tangu Jumanne amejifungia jikoni, hataki kusemeshwa na mtu, akirudia tu kwamba yeye ndiye aliyemchosha mwanawe. Leo ameketi hapa mbele. Kwa hivyo Loice ataacha kusoma kidogo, ayarudie maneno ya Walter kwa Kigusii, polepole, mpaka Mama aitikie.

Akishaitikia, tumwache Walter alale.