Chachu ya Gerson Imegoma

Kwenye benchi la kahawa la Shirimatunda, Gerson alikaa upandeupande kama mwenye jipu. Kesho anaongoza posa ya mpwa wake kwenda Marangu, na ukweni huko posa bila mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ni matembezi tu. Pipa lake lilikuwa limenyamaza tangu jana, povu hakuna. Aibu ilikuwa inamuuma kweli. Wenzake wakalivalia njuga suala hilo: Maabara, ambaye pombe hanywi lakini maoni anayo, na Kamati, ambaye huunda kamati hata ya kununua kashata.

MAABARA: Aisee, tatizo ni chachu. Kile ni kiumbe cha seli moja. Kinakula chenyewe, kinazaa chenyewe, hakina jirani wa kukikumbusha kazi.

KAMATI: Kapera.

MAABARA: Kapera kabisa. Wewe Gerson una seli mabilioni. Za macho zinaona, za tumbo zinasaga, kila moja na zamu yake.

GERSON: Zangu zote hazijalala tangu jana.

KAMATI: Kidole kimoja hakivunji chawa. Seli moja italiweza pipa zima?

GERSON: Si ziko nyingi humo?

KAMATI: Nyingi, ila hazina mwenyekiti. Tuziundie kamati. Zikishikana vizuri, tayari mnyama mmoja.

GERSON: Mnyama ndani ya mbege ya posa?

MAABARA: Mdogo tu. Akiota miguu, hutakodi gari. Pipa linapanda Marangu lenyewe.

GERSON: Na likikataa?

KAMATI: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Gerson akaliwaza pipa likipiga hodi ukweni, akaona heri hilo kuliko kwenda mikono mitupu. Hapo akafika dada yake Dafroza, mama wa kijana anayeposa.

DAFROZA: Kaka, nimelifunua pipa. Ule uji wa ulezi, uliumwaga kwenye ndizi umeshapoa?

Gerson akakumbuka mvuke ulivyompiga usoni. Alikuwa anawahi benchi.

GERSON: Ulikuwa vuguvugu.

DAFROZA: Vuguvugu la kutoka jikoni?

MAABARA: Basi umewachemsha makapera wote, kaka.

DAFROZA: Haya. Kesho wazee wakiuliza mbege iko wapi, nani atasimama kujibu?

Kamati akakumbuka ana kikao. Maabara akakumbuka hajafunga duka. Gerson akasogeza kikombe kwa muuza kahawa apate la kufanya, naye akaliinamisha birika mpaka mwisho. Halikutoa hata tone.