Mzee Kashaija na Mkate wa Mgonjwa

Leo, tarehe 31 Desemba 1959, dresa wetu Mzee Desderius Kashaija anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika zahanati hii ya misheni, Kituntu. Alianza kwa kuosha vidonda, kisha akakabidhiwa sindano. Wapo watu wazima wenye watoto wao ambao hadi leo wakimwamkia njiani hawampi mgongo.

Dawa ya minyoo aliipenda kupita kiasi. Akiona mtoto mwenye tumbo kubwa, hakuuliza mara mbili. Ndivyo alivyoanza na Placidia, binti wa Karani Gaudiosus, aliyehamia hapa kutoka Bukoba mwaka 1953. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, tumbo limefura, mapaja yamekwisha, anaharisha choo cheupe chenye harufu kali. Minyoo haikutoka. Mama yake, Deodatha, alikuwa ameacha kumshonea nguo.

Kwetu mgonjwa hatazamwi mikono mitupu, na zawadi ya heshima ilikuwa mkate wa masista. Sote tulimpelekea, Mzee akatupita wote. Mtoto akazidi kudhoofu.

Ikaja Kwaresima, masista wakazima tanuri. Placidia akala ebitoke, ndizi zetu za kupika, kama sisi, na kabla ya Juma Kuu alikuwa anakimbiza kuku. Pasaka, Mzee akampelekea mkate wa kumpongeza. Wiki haikuisha, mtoto akalazwa.

Mzee aliumia sana, lakini hakujificha. Alimsimulia daktari wa misheni mambo yote, ya Kwaresima na ya Pasaka. Daktari alikuwa amesoma juu ya watoto ambao utumbo wao huharibiwa na ngano; ugonjwa huo huitwa siliaki. Kipimo hatukuwa nacho, basi wakaondoa ngano yote, wakangoja. Mtoto akawarudia kuku wake.

Kazi ikabaki kuwazuia wageni wasimletee mkate. Shangazi yake Joviana alisema wazi kwamba huo ni uchoyo wa karani, akaficha mkate chini ya ndizi kapuni. Mzee akaukuta, akaula wote mbele yake, akamshukuru. Tangu hapo, tumbo kubwa likiingia mlangoni, anauliza kwanza mtoto anakula nini. Dawa ya minyoo inangoja zamu yake.

Wageni wetu, msishangae kukosa mkate na keki mezani leo. Mzee ndiye aliyekataza, ili Placidia ale chochote akitakacho bila kuuliza. Ana miaka tisa sasa, na mama yake amemshonea gauni jipya kwa ajili ya sherehe hii.

Asante, Mzee wetu. Kibanja chako kizae, uzee wako uwe wa heri, na uani kwako wasikosekane watoto wa kukimbiza kuku.