Shangazi Hakuruka Hata Nukta

Kwenye treni nilikaa nyuma ya mafundi wawili wa programu, dada mmoja na kaka mmoja, wafanyakazi wenza. "Wiki tatu mnanisema, kaka, eti programu yangu mbovu," dada alisema, akipepea karatasi. "Jana nilichapisha mipangilio ya seva ya majaribio na ya seva ya wateja. Shangazi akasoma moja kwa sauti, mimi nikafuata nyingine. Hajui kompyuta, kwa hiyo hakuruka hata nukta. Majaribio, subiri jibu sekunde thelathini. Wateja, sekunde tatu! Ndiyo maana programu inakatika kabla ya kujibiwa."

"Labda mashine ilijibadilisha," kaka alinong'ona. Mashine, maskini, haina wa kuitetea.

"Aliyebadilisha ameacha jina lake hapa. Nisome?"

Treni ikasimama. Kaka akashuka mbiombio.

"Kaka!" dada aliita dirishani, akicheka. "Ofisini ni kituo kijacho!"